Mbwa wa Mlezi, Mtoto wa Jirani

Mwanamke aliyeajiriwa Tanzania akijifungua hupewa likizo ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua pacha. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Siku hizo zikiisha, mtoto hajatimiza hata miezi mitatu, shingo ndiyo kwanza inakaza, na mama anatakiwa wodini katika Hospitali ya Bombo, hapa Tanga, au darasani kwake. Huyo ana bahati. Mama anayeamka alfajiri kuwahi samaki mwaloni Deep Sea, au anayepanga mafungu ya nyanya soko la Mgandini, hahesabiwi siku na mtu. Anarudi kazini pale akiba ya ndani inapokwisha. Muuguzi na muuza samaki wanakutana kwenye mlango mmoja, mlango wa mama mwingine wa mtaani ambaye umri umemwendea kidogo, au ameachika, au mumewe yuko baharini, na ambaye amekubali kushinda na watoto wa wenzake kwa malipo ya siku.

Kata ya Mabawa jijini Tanga, kama Makorora, Msambweni na Duga, ina milango ya namna hiyo. Mingi haina kibao. Jirani humwambia jirani, "Nenda kwa Mama Fulani, mwaminifu yule, watoto kwake wanashiba," na kesho yake asubuhi mtoto kashafikishwa kwa bajaji au juu ya baiskeli, na kikapu chake kina nguo mbili, chupa ya uji na kipande cha kanga cha kulalia. Nawaheshimu sana wanawake hawa. Bila wao maduka mengi ya mji huu yasingefunguliwa asubuhi.

Baadhi yao wanafuga mbwa, na jambo hilo likizuka barazani watu hugawanyika mara moja. Wapo wanaosema mbwa aondoke leo hii, ni najisi tena ni hatari, wala nyumba yenye watoto wa watu si mahali pake. Wapo wanaojibu kwamba mbwa yule amezaliwa pale pale, watoto wamemzoea, hajamuuma mtu tangu azaliwe. Nimewasikiliza wote. Wa kwanza wanamtaka mlezi aache kitu bila kumuuliza kwa nini anacho. Wa pili wanamdhamini mnyama kwa dhamana wasiyoweza kuilipa.

Tuanze na sababu ya mbwa kuwepo. Nyumba ya mlezi mara nyingi ni nyumba ya mwanamke na watoto. Usiku ukiingia hakuna mlinzi wa kulipwa, hakuna ukuta wenye vigae vya chupa juu yake kama kule Raskazone. Kuku huibwa, nguo huanuliwa kambani, dirisha hujaribiwa. Mbwa hula ukoko wa ugali na vichwa vya samaki, na kwa ujira huo anakesha mpaka alfajiri. Wengine wameletwa kutoka mashambani, Muheza au Pongwe, ambako mkulima asiye na mbwa huvuna mabaki ya ngedere na nguruwe pori. Ukimwambia mama anayeishi kwa malipo ya siku amfukuze mbwa wake, mwambie pia nani atakesha badala yake. Mpaka leo sijamsikia anayetoa ushauri huo akilijibu swali hilo.

Na dini isitumiwe nusu nusu. Pwani hii ni ya madhehebu ya Shafi, na kila aliyepita chuoni anajua kwamba chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hilo ni zito, na mzazi anayetaka mtoto wake arudi nyumbani na nguo anayoweza kuvaa kwenda madrasa ana haki kamili ya kudai mbwa asimkaribie. Lakini hukumu hizo hizo zimeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na Sura ya Kahf inawataja vijana wa pangoni pamoja na mbwa wao kizingitini. Mahali pake pamewekwa: kizingitini. Wazee wetu hawakumtesa mnyama huyo wala hawakumpandisha mkekani, na sioni kwa nini sisi tushindwe kuushika mpaka huo.

Tatizo la Mabawa ni kwamba kizingiti chenyewe hakipo. Itazame nyumba ya Kiswahili ilivyojengwa. Mbele baraza, kisha ukumbi wenye vyumba pande mbili, kisha uani. Uani ndiko kuna jiko la mkaa, pipa la maji, kamba za nguo na choo. Ikiwa nyumba ni ya wapangaji, ua huo ni wa familia tatu au nne. Mchana kutwa watoto wako huko kwa sababu ndiko kwenye kivuli na ndiko mlezi anakopika huku akiwatupia jicho. Na mbwa naye, aliyekesha usiku kucha, anataka kulala. Atalala wapi? Uani, chini ya karo, pale pale ambapo mtoto wa miezi tisa anatambaa akitafuta kitu cha kushika.

Hapo ndipo neno "haumi" linapopoteza nguvu. Watoto wengi wanaoumwa na mbwa huumwa na mbwa wanaomfahamu, wa kwao au wa jirani. Mbwa mpole anapovutwa mkia usingizini, anaposogelewa akila, au mtoto anapokishika kitoto chake anachokinyonyesha, huonya kwanza: hukaza mwili, hugeuza uso, huonyesha meno. Mtu mzima huona na kurudi nyuma. Mtoto wa miaka miwili huona meno akadhani anachekewa. Na kwa kuwa kimo chake kinalingana na kichwa cha mbwa, jeraha lake huangukia usoni au shingoni, ilhali kwa mtu mzima lingekuwa kwenye muundi. Mbwa huyo si mbaya. Amewekwa kwenye mtihani asioweza kuufaulu kila siku ya mwaka, na mtoto naye kawekwa vivyo hivyo.

Kuna walezi wanaodhani dawa ni mnyororo. Wanamfunga mbwa kwenye mwembe tangu asubuhi mpaka jioni, juani jua linapohama, bakuli la maji limepinduka. Mbwa afungwaye hivyo hana njia ya kukimbia kinachomtisha, na asiyeweza kukimbia hushambulia. Watoto nao hupenda kuucheza mpaka wa mnyororo, kusogea na kurudi, kusogea na kurudi, mpaka siku wanapokosea hesabu. Kinachofaa ni banda: la kivuli, lenye maji, lenye mlango unaofungwa kwa komeo juu ya mkono wa mtoto, na liwe mbali na njia ya chooni. Mabanzi ya mitiki ya msitu wa Longuza hupatikana kwa mafundi wa Tanga. Wavu uwe wa chuma wenye matundu madogo kuliko kidole, kwa maana mtoto haoni tundu bila kulitia kidole. Mbwa aingizwe kabla mtoto wa kwanza hajafika na atolewe baada ya wa mwisho kuondoka. Apelekwe matembezi alfajiri. Kazi yake ni ya usiku, na mchana alale kwa amani.

Jingine dogo linalosahaulika ni mchanga wa uani. Kinyesi cha mbwa kina mayai ya minyoo, na mayai hayo huishi muda mrefu kwenye mchanga wenye unyevu kama wetu wa pwani. Mtoto anatambaa, anaweka mkono mdomoni. Kuna minyoo ambayo viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya unyayo na kuchora mistari inayowasha usiku kucha. Dawa ya minyoo kwa mbwa kila miezi mitatu, na koleo asubuhi kabla ya ufagio, hulimaliza jambo hili kwa gharama ndogo.

Lakini yote hayo, meno na minyoo, ningeweza kuyaandikia aya mbili nikanyamaza. Kinachonifanya niandike ni kichaa cha mbwa.

Makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba Tanzania inapoteza watu wapatao 1,500 kila mwaka kwa ugonjwa huu. Duniani, Shirika la Afya Duniani linataja vifo vipatavyo 59,000 kwa mwaka, na linasema kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wagonjwa wote wameupata kwa mbwa. Dalili zikishaanza, mgonjwa akaanza kuogopa maji na kushindwa kumeza mate yake mwenyewe, hospitali haina tena la kumfanyia isipokuwa kumpunguzia maumivu. Yeyote aliyewahi kumwona mtoto katika hali hiyo hahitaji makala.

Na bado ni ugonjwa unaotupa nafasi. Virusi huingia kwa mate, kwenye jeraha au mkwaruzo, vikasafiri polepole kufuata neva mpaka kwenye ubongo. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miezi miwili hadi mitatu, ingawa jeraha la usoni huifupisha. Ndani ya muda huo mtu anaokolewa. Tarehe 6 Julai 1885, mama mmoja alikuwa Paris mbele ya Louis Pasteur na mwanawe Joseph Meister wa miaka tisa, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa siku mbili kabla huko Alsace. Mtoto alichomwa chanjo baada ya kuumwa, akaishi mpaka utu uzima. Tangu siku hiyo binadamu anajua kwamba kuumwa si kufa, mradi mtu awahi. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kupaka mkaa, pilipili wala mafuta ya taa. Kisha hospitali, sindano ya kwanza siku hiyo hiyo, nyingine siku ya tatu, nyingine ya saba, na kuendelea kama daktari atakavyopanga. Jeraha lililopenya ngozi huhitaji na dawa ya kingamwili inayodungwa pale pale penye kidonda.

Sasa itazame saa kumi na moja jioni kwenye mlango wa mlezi. Mama amerudi, kachoka, nguo zinanuka moshi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na kazi."

"Nimeshapoa. Kashindaje huyu?"

"Mzima. Kala, kalala."

Halafu mama anauona mchubuko kwenye mkono wa mtoto, mdogo, hata damu haukutoa nyingi. Anauliza. Mlezi anajua kilichotokea: saa nne mtoto alinyoosha mkono kwenye andazi lililoanguka, mbwa naye akalifuata, jino likapita juu ya ngozi. Akisema, huenda kesho mtoto huyu asije. Keshokutwa habari zitakuwa zimefika bombani, na watoto wengine wawili nao hawatakuja. Hiyo ndiyo kodi ya chumba. Akisema, "Kajikwaruza kwenye bati," mama atapaka mafuta, atambeba mwanawe, na maisha yataendelea. Mtoto mwenyewe hana maneno ya kueleza. Mkubwa wake wa miaka mitano, aliyeona kila kitu, anaogopa kuchapwa kwa kumchokoza mbwa.

Naamini hapo, katika sentensi moja ya jioni, ndipo roho ya mtoto inapotundikwa. Mbwa huenda hana ugonjwa wowote. Mara nyingi hana. Lakini mbwa wa Mabawa hukutana na mbwa koko jalalani, na mlezi hakeshi naye. Akiyajua haya na akanyamaza, anawafungia watu wengine mlango wa hospitali. Ndiyo maana sitaki mjadala huu uwe wa kumtisha mama huyu. Mwanamke anayeogopa kufungiwa riziki yake atasema bati kila siku. Ninachotaka ni tumjengee hali ambayo kusema kweli kutamgharimu kidogo kuliko kunyamaza.

Mambo matatu yangelifanya hilo, na la kwanza ni chanjo ya mbwa mwenyewe. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka, na mwenye mbwa hupewa kadi. Mlezi mwenye kadi hiyo ukutani anaweza kusema, "Mwanangu, leo mbwa kamgusa kwa jino, nimeosha kwa sabuni, kadi ya chanjo ile pale, twende tukaonane na daktari." Asiye nayo hana anachoweza kusema bila kutetemeka. Tanga ni mji wa ng'ombe wa maziwa. Maziwa yanayoingia kiwanda cha Tanga Fresh hutoka kwa wafugaji wadogo, na bwana mifugo anazijua nyumba zenye ng'ombe mmoja mmoja. Nyumba zenye mbwa hazijui hivyo, kwa sababu mbwa hakamuliwi. Hilo ni kosa la hesabu. Ng'ombe akifa mwenye nyumba hupata hasara, ila hasara ya mbwa asiyechanjwa huangukia nyumba ya jirani.

Kwamba jambo hili linawezekana hatuhitaji kusafiri mbali kulithibitisha. Pemba, kisiwa kinachoikabili pwani yetu hii hii, ambacho watu wake wana dini moja na sisi na mbwa wao ni kama wetu, kilifanikiwa kukitokomeza kichaa cha mbwa mwaka 2014 kwa kampeni za chanjo. Mwaka 2016 ugonjwa ukarudi kutoka nje ya kisiwa, chanjo zikarudiwa kwa nguvu, na kufikia mwisho wa 2018 ukawa umekatika tena. Hakuna aliyehitaji kuwaua mbwa wote wa Pemba. Kupiga mbwa risasi au kuwategea sumu, kama halmashauri nyingi zilivyozoea, hakuukomeshi ugonjwa huu. Mbwa wapya wasiochanjwa huziba nafasi ya waliokufa. Kinachoukata ni kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa wote wa mahali. Na katika vituo vya chanjo nchini, wanaowaleta mbwa kwa kamba mara nyingi ni watoto, wenye miaka minane au tisa, wakijivuna. Watoto hao wameshafanya sehemu yao.

La pili ni sindano za binadamu. Mahali pengi mgonjwa huzilipia, na si sindano moja. Mlezi anayejua kwamba kusema kweli ni kubebeshwa gharama hiyo atasitasita, na mzazi anayejua hana fedha hizo atajifariji kwamba mkwaruzo ni mdogo. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano aliyeumwa na mbwa, sindano hizo zitolewe bure katika kila hospitali ya umma. Serikali inayompa mtoto chanjo ya surua bila malipo haiwezi kushindwa na hii.

La tatu ni la kiofisi, nalo ni rahisi kuliko yote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na ulinzi na usalama ni moja kati ya nguzo zake. Afisa ustawi wa jamii na bwana mifugo wote wako chini ya halmashauri ya jiji. Waende pamoja kwenye nyumba za walezi, wasiende na faini. Uingereza, ambako nako akina mama huangalia watoto wa wenzao majumbani, mlezi katika England mara nyingi hujiandikisha kwa Ofsted, taasisi ya ukaguzi ya huko, haruhusiwi kwa kawaida kuwa na zaidi ya watoto watatu wa chini ya miaka mitano kwa wakati mmoja, na lazima awe na mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watoto. Mbwa hakukatazwa. Mlezi anatakiwa aonyeshe amelifikiriaje jambo hilo na mnyama atakuwa wapi watoto wakiwapo. Sidhani mama wa Mabawa ana akili pungufu ya kulijibu swali hilo. Hajawahi kuulizwa tu.

Nawageukia wazazi wenzangu, kwa sababu sisi ndio tunaopenda kunung'unika tukishafika nyumbani. Ukimpeleka mwanao kwa mara ya kwanza, uliza: "Mama, una mbwa?" Uliza kabla hujamshusha mtoto. Omba uonyeshwe banda na kadi. Ukijibiwa kwamba mbwa hushinda na watoto uani, au kwamba ameletwa juzi na hajachanjwa, una haki ya kumbeba mwanao ukarudi naye, na mlezi hana haki ya kununa. Lakini ukikuta mama mwaminifu ambaye hana uwezo wa kununua mabanzi na komeo, usiishie kutikisa kichwa. Wazazi watano wakichanga, banda linasimama Jumapili moja. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mmoja wetu mwenye baiskeli amsindikize mbwa wa mlezi kwenye chanjo, maana yeye hawezi kuacha watoto.

Na siku mlezi atakapokupokea jioni na kukwambia mwenyewe, kabla hujauona mchubuko, kwamba mbwa amemgusa mtoto, mshukuru kwanza. Kisha muulize ameosha kwa kitu gani na kwa muda gani, na nendeni Bombo pamoja jioni ile ile. Mbwa afungiwe na aangaliwe kwa siku kumi. Akibaki mzima siku hizo zote, mate yake hayakuwa na virusi siku ile, na daktari ndiye atakayesema kama sindano zikome. Komeo la banda likaguliwe asubuhi. Likiwa zima, mpeleke mwanao.